Kutembea na familia Dodoma: bustani za mjini, UDOM, mashamba ya mizabibu au Hombolo?

Kila Ijumaa jioni swali ni lile lile katika nyumba nyingi za Dodoma: kesho tuwapeleke wapi watoto? Mdogo anataka bembea, baba anataka kuona maji, bibi anataka mahali pa kukaa, na mama anataka wote warudi wamechoka vizuri bila mtu kuumwa kichwa kwa jua. Sehemu za kutembea zipo, tena nyingi kuliko wageni wa mji wanavyodhani. Tatizo ni kwamba hazifanani hata kidogo, na ile iliyomfurahisha jirani yako mwezi wa tatu inaweza kukukera wewe mwezi wa tisa.

Nimeziweka nne kwenye mizani. Ya kwanza ni bustani za katikati ya mji, yaani Nyerere Square na Chinangali Park. Ya pili ni barabara za ndani na vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma, yaani UDOM. Ya tatu ni mashamba ya mizabibu yanayouzunguka mji, na ya nne ni Bwawa la Hombolo. Zote anaziweza mtoto wa miaka mitano na mtu mzima asiye na mazoezi. Vilima vya mawe vilivyouzunguka mji, Mlimwa na wenzake, sikuviingiza, maana kupanda mwamba ni shughuli nyingine kabisa. Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, nayo nimeiacha nje. Iko karibu kilomita 180 kaskazini na ina miinuko mikali. Ipewe siku yake yenyewe.

Kwanza, ukijani wenyewe unatoka wapi

Dodoma ni nyanda kame. Mvua ya mwaka mzima kwa wastani haifiki milimita 600, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei mbingu inafungwa, na hadi Novemba tunaishi na upepo na vumbi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza wapi ni pazuri, uliza majani ya pale yanakunywa maji gani. Jibu la swali hilo litakuambia uende mwezi gani, na ndilo lililonisaidia kuzipanga sehemu hizi nne kichwani.

Bustani za mjini zinakunywa maji ya bomba. Zinamwagiliwa, basi zinabaki kijani hata Septemba. Eneo la chuo kikuu linakunywa mvua tu: Februari ni pori zuri la kijani, Agosti ni nyasi za rangi ya simba na mibuyu iliyovua majani. Hombolo ina maji yaliyokingwa tangu bwawa lilipojengwa mwaka 1957, ila kingo zake zinafuata mvua, na maji yenyewe husogea mbele na kurudi nyuma kadiri msimu unavyokwenda. Mizabibu ndiyo ya ajabu zaidi, kwa sababu ina kalenda yake. Inamwagiliwa na kupogolewa, na katika mashamba mengi huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Wakati nchi nzima ya Ugogo imekauka, shamba la mizabibu limejaa majani na mashada. Na kinyume chake, Aprili au Mei unapotarajia kijani kila upande, unaweza kukuta shamba limepogolewa na kubaki visiki vyenye vijiti.

Mkoa huu unaijua vizuri habari ya kupoteza kijani na kukirudisha. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la Kondoa lililokuwa limeliwa na mmomonyoko. Leo ukipita milima ya Irangi ukaona vichaka vimeshika makorongo, ujue si bahati. Hata mjini, tangu kampeni ya Dodoma ya Kijani ilipozinduliwa mwaka 2017, miche imepandwa kwa wingi kando ya barabara na kwenye viwanja vya taasisi. Mche huchukua miaka kabla haujampa mtu kivuli, na hiyo nayo ni sababu ya kuchagua mahali kwa uangalifu leo.

Vigezo nilivyotumia

Nimelinganisha kwa mambo sita: kivuli na saa ya kwenda, ardhi chini ya miguu, kufika na kurudi, choo, maji na chakula, usalama, na mwisho, mtoto atafanya nini akifika. Urembo wa mandhari sikuupa kigezo chake. Mandhari nzuri bila kivuli, ukiwa na mtoto mgongoni saa 5 asubuhi, haina ladha.

Kivuli na saa ya kwenda

Tuko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 9 Oktoba, jua la saa 6 mchana hukaa sawasawa juu ya utosi na kivuli chako kinakanyagwa na miguu yako. Hiyo Oktoba ni mwezi wa joto kali na mvua bado. Mji uko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa ni kavu na ina upepo, kwa hiyo mtoto anaungua bila kutoka jasho la kuonekana. Mimi nafuata madirisha mawili tu: saa 12:30 hadi saa 3:30 asubuhi, na saa 10 hadi saa 12:15 jioni. Giza letu huingia haraka. Ikifika saa 1:30 usiku hakuna mwanga tena.

Bustani za mjini ndizo pekee zinazokusamehe ukichelewa. Ukifika saa 4 au saa 5, benchi lenye kivuli haliko mbali, na jua likizidi unavuka barabara kutafuta soda.

UDOM ni lami ndefu iliyo wazi. Kuna sehemu zenye miti, na mwarobaini una sifa ya kubaki na majani kiangazi, lakini kati ya kivuli kimoja na kingine unaweza kutembea dakika nyingi juani. Mibuyu, pamoja na ukubwa wake, Agosti haikingi chochote. Hapa nenda jioni, upepo ukiwa umeanza kupoa.

Mzabibu ni mfupi. Umefungwa kwenye waya na nguzo, unamkinga mtoto aliyechuchumaa, mama aliyesimama haumkingi. Hombolo nako ni wazi, tena maji yanarudisha mwanga usoni. Kofia ya ukingo mpana ni ya lazima. Kwa sehemu zote mbili hizi asubuhi ni bora kuliko jioni. Hombolo sababu ni umbali wa kurudi gizani, na shambani ni kwa kuwa wenye mashamba wako kazini asubuhi na ndio wa kukukaribisha.

Ardhi chini ya miguu

Kama kuna kigari cha mtoto, kiti cha magurudumu au fimbo ya bibi, mjadala umekwisha: bustani za mjini. Kumesakafiwa, ni tambarare, na mzunguko ni mfupi kiasi kwamba aliyechoka anakaa na wengine wanaendelea kuzunguka wakimwona.

UDOM lami ni nzuri, ila ina miinuko, maana vyuo vyake vimetawanyika juu ya vilima. Kigari kinapita kama mikono ya msukumaji ina nguvu. Baiskeli ya mtoto inapita vizuri zaidi, mradi mtu mzima awe mbele kwenye mteremko. Tatizo linaanza ukitoka kwenye lami. Mwiba wa mgunga huota miwili miwili, mweupe, umenyooka, na mrefu wa kutosha kuingia chini ya kandambili na kutokea juu. Unapoanguka unalala mchangani, na kwa rangi yake mtu aliyesimama hauoni. Watoto wavae raba zenye soli ngumu, na uwe na kibanio kwenye mkoba.

Kati ya mistari ya mizabibu chini ni mchanga mwekundu, laini, tambarare. Magurudumu yanazama, lakini miguu inafurahi. Mistari imenyooka, kwa hiyo mtoto aliyekimbia mbele unamwona hadi mwisho wa shamba, jambo ambalo mzazi wa watoto watatu atalithamini.

Hombolo inategemea mwezi. Masika njia za kando ya bwawa ni tope. Kiangazi maji yakirudi nyuma huacha ukanda wa tope lililopasuka vipande, juu gumu na chini bado bichi. Mtu mzima akikanyaga anazama hadi kifundo cha mguu. Tembea juu, kwenye njia zinazotumiwa na wanakijiji na ng'ombe wao. Ukingo uangalie kwa mbali.

Kufika na kurudi

Nyerere Square iko katikati kabisa ya mji, na Chinangali Park nayo ni ya mjini. Daladala, bajaji, hata kwa miguu kutoka kata za jirani. Tahadhari moja: usichanganye Chinangali hii na Chinangali II, ambayo iko wilayani Chamwino na ina mashamba makubwa ya zabibu. Nimesikia familia mbili zikipeana miadi "Chinangali" na kila moja ikisubiri kwake.

UDOM ni kama kilomita 8 mashariki mwa katikati ya mji, upande wa Chimwaga. Daladala za chuo zipo siku nzima kwa sababu ya wanafunzi. Likizo za chuo hupungua, kwa hiyo kama huna gari fikiria kurudi kabla ya kwenda. Chuo kilianzishwa mwaka 2007 na eneo lake ni kubwa mno. Kutoka chuo kimoja hadi kingine si hatua za mtoto. Chagua sehemu moja ushukie hapo, usijaribu kukizunguka chote.

Kwa mizabibu una pande kadhaa. Barabara ya Iringa ina Bihawana na Mpunguzi. Barabara ya Arusha ina Veyula na Makutupora, ambako kiko pia kituo cha utafiti wa zabibu. Hombolo yenyewe ina mizabibu. Mashamba mengi hayako mbali na lami, ila kutoka kituoni hadi shambani ni mguu au bodaboda. Familia ya watu watano kwenye bodaboda haifai, kwa hiyo bila gari panga na bajaji ikusubiri.

Hombolo ni ya mbali kuliko zote nne, karibu kilomita 40 kaskazini mashariki. Unafuata barabara ya Dar es Salaam hadi Ihumwa, kisha unaiacha na kupinda kushoto. Usafiri wa umma upo, lakini ukiwa na watoto wadogo gari la familia au la kukodi kwa kuchangiana na majirani ndilo linalofanya siku iwe starehe. Hesabu pia mafuta ya kurudi, na watoto watakaokuwa wamelala mapajani.

Choo, maji na chakula

Mjini vyote vipo ndani ya hatua chache. Kuna wauza karanga, ubuyu, aiskrimu na maji. Chinangali kuna michezo ya watoto na viwanja, basi andaa hela pembeni, kwa sababu mtoto akishaiona michezo hutaweza kumwambia tumekuja kutembea tu.

UDOM kuna migahawa na maduka ya wanafunzi karibu na vyuo na mabweni, chakula kingi kwa bei ya mwanafunzi. Vyoo ni vya majengo ya chuo, na mwisho wa wiki mengi hufungwa. Waende chooni kabla hamjatoka nyumbani.

Shambani hakuna kitu. Unabeba maji yako, kwa hesabu yangu si chini ya lita moja kwa kila mtu mzima, na unaomba choo kwa mwenye shamba kama nyumba iko karibu. Hombolo utapata samaki, hasa perege, na kijijini Hombolo Bwawani kuna maduka, lakini maji ya kunywa na matunda beba kutoka mjini. Kuna raha yake kubeba chakula: chapati, mayai ya kuchemsha, chai kwenye chupa, mkeka mkubwa. Familia nyingi nazozijua hukumbuka huo mkeka kuliko matembezi yenyewe.

Usalama

Hapa sipiti haraka, hasa kwa Hombolo.

Maji ya bwawa yaliyotuama, yenye majani na konokono, ndiyo makazi ya kichocho. Vimelea vyake havisubiri mtu anywe maji. Vinapenya ngozi ya mtoto aliyesimama majini hadi magotini kwa dakika chache tu. Mtoto anaweza asionyeshe dalili kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo sheria yangu ya Hombolo ni fupi: macho yanaingia majini, miguu haiingii. Hata kunawa mikono, tumia maji uliyobeba. Usimwambie mtoto "acha kuchezea maji" halafu ukamwacha ukingoni bila mtu. Weka mtu mzima mmoja ambaye kazi yake kwa saa hiyo ni kusimama kati ya watoto na bwawa. Kama mtu alishaingia, mpeleke akapimwe baada ya wiki chache. Dawa ipo na inatibu. Na kabla ya kusogelea ukingo usioujua, waulize wavuvi. Wao ndio wanaojua wapi pana kina, wapi pana tope, na mnyama gani alionekana wiki hii.

Mashambani hatari haionekani kwa macho. Zabibu hushambuliwa na ubwiri unga na magonjwa mengine ya ukungu, na wakulima hupulizia dawa, salfa ikiwa mojawapo. Shada linalong'aa mbele ya mtoto linaweza kuwa lilipuliziwa juzi. Mzee mmoja wa Mpunguzi alitukaribisha shambani kwake kwa moyo wote, lakini kabla ya kitu kingine alituonyesha mistari aliyopulizia na kutuomba watoto wasiiguse kabisa. Ndivyo inavyotakiwa. Ukifika uliza swali hilo wewe kabla hata ya kuuliza bei. Zabibu za kula ni zile alizokuchumia mwenyewe mwenye shamba, tena zioshwe.

UDOM hatari ni magari na bodaboda zinazokimbia kwenye lami pana, na upweke wa baadhi ya njia jua likizama. Tembeeni upande mmoja wa barabara, msiingie vichakani jioni, na ifikapo saa 12 muwe mmeshaanza kurudi. Hili ni eneo la taasisi. Mlinzi akiuliza mnakwenda wapi, jibu kwa heshima na uwe na kitambulisho. Masika nyasi zikiwa ndefu, kumbuka nyoka.

Bustani za mjini ni salama kuliko zote, isipokuwa siku za Idi, Krismasi na Mwaka Mpya. Watu hufurika, na mtoto wa miaka minne anapotea ndani ya dakika moja. Mvalishe nguo ya rangi inayoonekana, na andika namba yako ya simu kwenye karatasi umtilie mfukoni.

Mtoto atafanya nini

Nyerere Square atazunguka, ataangalia sanamu ya Mwalimu, atawafukuza njiwa na kula aiskrimu. Kwa mtoto wa miaka miwili hiyo ni siku kamili. Wa miaka tisa atachoka baada ya nusu saa. Yeye afadhali Chinangali, kwenye viwanja na michezo.

UDOM inampa mtoto kitu ambacho mji haumpi, nacho ni nafasi. Anakimbia, anaendesha baiskeli, anarusha tiara Julai na Agosti upepo ukivuma. Kutoka vilimani anauona mji wote umelala bondeni, na jioni taa zinaanza kuwaka moja moja. Kwa vijana wa sekondari kuna faida nyingine ambayo wazazi hawaisemi sana. Kijana anatembea katikati ya wanafunzi wa chuo kikuu, anaona maktaba na mabweni, na njiani kurudi anaanza kuuliza maswali kuhusu masomo bila kushurutishwa. Nimeliona hilo kwa watoto wa ndugu zangu, na nalipenda.

Shamba la mizabibu ndilo darasa bora kati ya zote. Nenda wiki ya kupogoa, usiogope kwamba hakuna majani. Chuchumaa na mtoto mbele ya kijiti kilichokatwa karibuni, kama shamba limemwagiliwa utaona tone la maji safi limening'inia kwenye jeraha, linakua, linaanguka, na lingine linaanza. Ni maji yanayopandishwa na mizizi. Chini kidogo ya pale kuna jicho, kinundu kidogo cha kahawia chenye manyoya laini, na humo ndimo tawi na mashada ya msimu yatatokea. Kuanzia hapo hadi kuvuna ni karibu miezi minne. Mtoto aliyeliona lile tone, ukimrudisha shamba lile lile mwezi wa mavuno, ataelewa kilimo kuliko kwa kusimuliwa mwaka mzima. Wakati wa mavuno wenyewe kuna makreti, kuna watu wanaimba, kuna nyuki, na kuna mizigo inayosubiri gari. Nunua kilo mbili tatu kwa mkulima hapo hapo. Hiyo ndiyo shukrani inayomfaa. Na wafundishe watoto kusalimia: shikamoo kwa wazee, na "mbukwa" kwa wenyeji wa Kigogo. Mtoto wa mjini anayesalimia hivyo hufunguliwa mlango haraka.

Hombolo ni ya mtoto anayeweza kukaa kimya na kutazama. Kuna ndege wa majini, korongo na mnandi wanaokausha mabawa, mitumbwi inayorudi na samaki asubuhi, ng'ombe wanaokuja kunywa kwa zamu. Darubini ndogo, hata ya bei rahisi, inabadilisha siku nzima. Asiyependa kutazama atataka kuingia majini, nawe umeshajua kwa nini hapana. Kwa hiyo mjue mtoto wako kwanza.

Nani aende wapi

Mna mtoto mchanga, bibi mwenye magoti mabovu, au mtu anayetumia kiti cha magurudumu: bustani za mjini, mwezi wowote. Nyerere Square kama mnataka utulivu wa asubuhi ya siku ya kazi, Chinangali kama kuna watoto wa kucheza.

Hamna gari na bajeti ni nauli tu: bustani, au UDOM siku za masomo ambapo daladala ni nyingi. UDOM iwe Januari hadi Mei mkitaka kijani. Juni na Julai mkitaka baridi ya asubuhi, na hapo bebeni masweta.

Mna watoto wa miaka sita hadi kumi na mbili wenye maswali mengi: mizabibu, Agosti au Septemba, wakati kila mahali pengine pamekauka. Mtafuteni mkulima kabla, kupitia mtu anayemfahamu, na msiende shambani kwa mtu bila taarifa. Mkiweza, rudini siku za kupogoa.

Mna gari, mna siku nzima, na mna angalau watu wazima wawili kwa watoto wanne: Hombolo, baada ya mvua kuisha, Mei na Juni. Maji bado ni mengi, njia zimekauka, jua halijawa kali. Kwa kuwa Hombolo ina mizabibu pia, mkipanga Agosti mnaweza kuona bwawa asubuhi na shamba kabla ya saa 4, mkala mkekani na kurudi. Mkiwa na mtu mzima mmoja tu, hasa kama watoto ni watundu wa maji, chagueni sehemu nyingine mwezi huu.

Mna vijana wasiotaka "mambo ya watoto": UDOM jioni, na muwaache watangulie hatua mia mbele.

Ni Oktoba, joto limepanda na hamjui la kufanya: tokeni saa 12:30 asubuhi mwende bustani ya karibu, mzunguke taratibu, mnywe chai hapo mjini, na saa 3 muwe mmesharudi nyumbani. UDOM iacheni hadi mvua zianze, na Hombolo hadi ziishe.